Kopo lenye kitovu: nilivyonunua dagaa kwenye soko la zamani Kigoma

Naanza na kitako cha kopo, kwa sababu ndicho kilichoninyima usingizi.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limechakaa mpaka maandishi yamefutika. Kwa nje huoni tatizo. Mimi niliingiza mkono, wala si kwa ubishi, nilitaka kutoa dagaa wawili watatu nionje kama wana mchanga. Vidole vikagota mapema. Kitako kimegongwa kikaingia ndani, kimetuna kama kitovu cha mtoto, na juu ya hicho kitovu kimelazwa kipande cha boksi, duara safi lililokatwa kwa mkasi. Mtu alikaa chini akaifanya ile kazi. Alipima, akakata, akajaribisha, akapunguza pembeni. Fundi cherehani wangu hanikatii shingo ya gauni kwa uangalifu ule.

Kijana mwenye meza akaninyang'anya kopo. "Bi mkubwa, toa mkono. Kama unataka kuonja si useme?"

Nikamwambia, mwanangu, kopo lako lina kitovu.

"Kama huna hela wapishe wenzio."

Wenzangu gani? Nyuma yangu alikuwa amesimama mbuzi.

Sasa nieleze ni wapi. Ni soko la zamani la hapa Kigoma mjini. Jina silitaji, mwenyeji ameshalijua. Mimi nimezaliwa huku, ila nimeolewa na kuzeekea mbali, na nyumbani narudi kwa misiba na kwa mama. Safari hii nimerudi kwa mama, miguu imeanza kumsumbua. Nimekuja na treni ya zamani ya reli ya kati, ile waliyoifikisha Wajerumani hapa ziwani mwaka 1914 na ambayo mgongo wangu unaamini mabehewa hayajabadilishwa tangu siku hiyo. Ya treni nitayasema siku nyingine nikiwa na nafasi ya kukasirika vizuri.

Mama alinituma vitu vitatu: dagaa makopo matano, mawese chupa mbili, ndimu. Majirani wakaniambia niende mwaloni Kibirizi, dagaa wanatoka ziwani unawaona, wanaanikwa unawaona, unanunua kwa mwenye mali. Mama akakataa. "Nenda sokoni." Mama ana imani na lile soko kama watu wengine walivyo na imani na daktari mmoja. Nami, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naenda naye nikiwa nimeshika pindo la kanga, na asubuhi ya kwanza baada ya giza la mwezi pale ndani hupiti. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, enzi hizo karabai, kwa hiyo mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Mwezi ukizama, soko linameta. Kina mama wenye mabeseni ya migebuka, wanunuzi kutoka Burundi na ng'ambo ya Kongo, Kiswahili cha Ujiji na Kiha na Kifaransa cha kuungaunga, kelele mpaka mapaa yanatetemeka. Ndicho nilichokuwa nakiendea. Ukweli ndio huo, dagaa walikuwa kisingizio.

Nikakuta vizimba vingi vimefungwa kufuli, na kufuli zenyewe zina kutu. Bati limetoboka, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, pale katikati palikuwa na dimbwi ambalo watu wameliwekea matofali ya kukanyagia, kwa hiyo ni dimbwi la siku nyingi, limeshapewa utaratibu. Upande wa samaki wabichi niliona mabeseni matatu tu. Kuhe hakuna. Sangala hakuna. Mama mmoja anapunga nzi kwa kipande cha kanga bila hata kuwatazama. Nilipomuuliza kulikoni, akasema biashara imehamia mwaloni na barabarani, na ziwa lilipofungwa miezi 3 mwaka 2024, Mei mpaka Agosti, ili samaki wazaliane, wengine walifunga meza wakatafuta kazi nyingine na hawakurudi. Alisema bila uchungu. Mimi ndiye niliyeona uchungu, mtu wa siku mbili.

Basi ndivyo nilivyofika kwenye meza ya kijana na moyo tayari umelegea, nikakutana na kitovu.

Mnisikilize vizuri hapa. Kuibiwa nimeshaibiwa. Nimeuziwa mkaa wenye mawe, nimeuziwa asali ya sukari. Kilichonichoma ni ile boksi. Kitako kikibonyea unaweza kusema kopo limeanguka, bahati mbaya. Lakini boksi ni nia. Halafu mtazame anavyopima: dagaa hawamwagi, anawadondosha kwa vidole kama anayetia chumvi, wamelaliana kichwa mkia kichwa mkia, katikati hewa tupu, na likifika mdomoni anarundika kilima kidogo ili jicho lako lifurahi. Kilima! Chini amekuibia robo, juu anakupa dagaa kumi na wawili na anatazamia ushukuru.

Nchi hii ina maajabu ya vipimo. Mkulima anauza gunia limeshonewa kofia juu, lumbesa, anaibiwa kwa kujaziwa. Mnunuzi anaibiwa kwa kupunguziwa. Katikati kuna mtu anayenenepa pande zote mbili, na Wakala wa Vipimo wanakemea, na mizani ya yule kijana nimeiona kwa macho yangu, ipo, inafanya kazi ya kuzuia turubai lisipeperuke.

Nikabishana. Sauti ilipanda, nakiri. Nilimwambia kopo lile ni la haramu. Akajibu, "Kopo ni kopo." Mzee wa meza ya jirani, anauza chumvi na magadi, akaingilia: "Mama, hilo kopo linajulikana." Linajulikana na nani? "Na watu." Mimi je, si watu? Akanyamaza, akaendelea kufunga chumvi yake.

Na nilinunua. Ndiyo, nicheke nikiwa nalia. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya ziwa, mama ananisubiri, na mimi kurudi mikono mitupu toka sokoni kwa mama yangu siwezi, hata kwa umri huu. Makopo matano ya kitovu. Nyongeza sikupata hata dagaa mmoja. Na mfuko akanitoza shilingi 500, kwa kuwa ile ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 na tangu hapo mfuko umekuwa biashara ndani ya biashara.

Hapo nilishaamua nitaandika nini: msiende, soko limekufa, waliobaki ni wezi. Ningeandika pale pale nimesimama kwenye tofali.

Kikwazo kilikuwa bibi wa mawese. Amekaa mlangoni kwa nje, kwenye kibao, chupa zake amezipanga juani kwa sababu mawese yalikuwa yameganda kwa baridi ya asubuhi, nusu mekundu yanayotiririka, nusu machungwa mazito kama uji. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, akaongeza "mwakeye" ya Kiha, akauliza natokea kwa nani. Nikamweleza. Akaifuta chupa kwa kanga, akamimina mpaka shingoni, akaigonga chini mara mbili hewa itoke, akamimina tena. Halafu akatia kidogo kwenye kichupa cha dawa, akafunga kwa kipande cha mfuko. "Hii ya mama yako, ya miguu." Sikumlipa kichupa, alikataa. Kwa hiyo msiende sokoni, ila mlangoni nendeni.

Nyumbani nikawamwaga dagaa kwenye ungo, niko tayari kuonyesha ushahidi. Nilitegemea mchanga, nilitegemea vichwa vitupu, kwa hasira nilishajiaminisha kwamba wamechanganywa na wa Mwanza. Hakuna. Weupe wanang'aa kama sindano, wanene, wakavu wa kuvunjika, wameanikwa kwenye chanja si chini. Harufu yao ilijaa chumba na nikakasirika zaidi, maana ni vigumu kumtukana mtu mwenye mali nzuri namna ile.

Mama akatikisa ungo. "Haya ni makopo matano?"

Nikamwaga yote. Kitovu, boksi, bi mkubwa, mbuzi. Mama akanisikiliza, anachambua, hainuki.

"Ulimwamkiaje?"

"Nani, yule mtoto? Nilimuuliza bei."

"Unafika kwenye meza ya mtu, unauliza bei."

"Mama, ameniibia."

"Amekupimia kopo la wageni." Akalisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Makopo ni mawili, akanieleza. Yamekuwa mawili tangu yeye hajaolewa. La juu ya meza ni la washukao treni na wapandao meli. La wenyeji liko chini, chini ya turubai. Ukimwamkia mtu, ukauliza za nyumbani, anajua wewe ni wa wapi, anainama. "Hata mzee wake alikuwa nayo mawili. Wewe ulikuwa unalichezea lile la chini, unapiga ngoma."

Nilichezea. Sikumbuki, lakini mama hasemi uongo kwenye mambo ya soko.

Usiku nikawa nageuka. Ile picha niliyoibeba miaka yote, mabeseni, kelele, kina mama waliokuwa wakinipa dagaa mkononi nitafune, kumbe chini ya kila meza kulikuwa na kopo la pili, na sisi tulikuwa upande wa kupendelewa. Zamani hapo Ujiji, karne ya 19, pesa ya sokoni ilikuwa shanga, na asubuhi walikaa watu wa kuwauzia waingiao soko shanga, na jioni wakazinunua tena kwa faida yao. Sijui kwa nini hilo lilinijia usiku huo. Labda kwa kuwa mgeni pale hakuwahi kupata nafuu hata siku moja, na mimi ndiyo kwanza nimekuwa mgeni.

Kesho yake sikwenda. Keshokutwa nikaenda.

Nilijitanda kanga ya mama, kwa makusudi kabisa. Nikafika, nikasimama, nikasema, "Habari za asubuhi mwanangu, za nyumbani, mzee hajambo?" Kijana akanitazama. Akanitambua, nikaona amenitambua. Akasema mzee alifariki, miaka inakwenda. Nikampa pole, na pole ilikuwa ya kweli, maana ghafla nilimkumbuka baba yake, mikono yake mikubwa yenye magamba ya samaki kwenye vinyweleo. Nikamtajia mama.

"Ah! Shangazi! Si ungesema?" Na akainama.

Likatoka chini ya turubai. Kopo kama lile lile, limechakaa vile vile, kitako kimenyooka kama sahani. Akawamwaga dagaa kwa mikono miwili, akatikisa wakae, akamwaga tena, juu akaweka konzi nzima. Mfuko hakunitoza. Akaulizia miguu ya mama.

Sasa mnataka niseme nini? Nilifurahi, mwili mzima. Nilirudi kuwa mtu wa pale. Na palepale nilitamani kumchapa kofi, kwa sababu "si ungesema" maana yake ile boksi si makosa, ni sera. Huduma ni mbaya sana, na ni nzuri sana. Dagaa ni namba moja, hilo siondoi hata neno. Soko limechoka, choo msiingie. Nilisema msiende, nendeni, lakini amkieni watu kwanza. Na kama huna wa kumtaja, nenda Kibirizi.

Nilikuwa bado nafunga mfuko wangu akaja baba mmoja, anaburuta begi la magurudumu, tairi moja limegoma, vumbi la treni bado liko kwenye mabega. Hakuamkia. Akauliza, "Hawa dagaa kopo bei gani?" Kijana akanyoosha mkono juu ya meza. Vidole viwili vikaanza kudondosha.

Yule baba akanigeukia, akatabasamu, akaniuliza, "Mama, huyu anapima vizuri?"

Mzee wa chumvi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Dagaa wake wazuri sana," nikachukua mfuko wangu nikaondoka.