RX 6600 na feni ya DeepCool AK400 kwenye PC ya 2014, kipi kilinisaidia zaidi

Wakuu, hii ni kwa wale wenye mashine za kizamani kama yangu, Core i7-4790 ya 2014, ramu DDR3 gb 16, mazabodi ya B85, na hela ya kuanza upya haipo. Nimefunga vitu viwili, grafiksi kadi ya AMD RX 6600 ya mtumba na feni ya prosesa DeepCool AK400 mpya ya kwenye boksi. Bei siandiki maana zinapanda na kushuka na dola, utafika dukani uniite muongo. Ila nianze na hili, feni ndo ya bei ndogo kuliko kadi na ndo iliyonifurahisha zaidi.

Kadi niliyotoa ni GTX 960 ya gb 2. Kwa GTA V na mpira ilikuwa inajikongoja, ila gemu za sasa hivi gb 2 zinajaa hata mechi haijaanza, af Nvidia wenyewe walishatangaza kadi za umri huo draiva za gemu mwisho Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu. Kwahiyo ilikuwa iondoke tu.

Mwanzoni nilikuwa naitaka RX 580 maana ndo imejaa Kariakoo. Nimefika duka moja jamaa ananiambia "bosi hii ni 580 ya gb 8, kitu orijino, ondoka nayo", nikamwambia kaka iwashe kwanza tufungue GPU-Z, ile programu inayosoma kadi ni ya aina gani hasa. Kufungua, pale kwenye shaders (vile vitengo vidogo vya kuchora picha ndani ya kadi) imeandika 2048. RX 580 yenyewe inatakiwa isome 2304, ile ya 2048 ilitengenezwa kwa soko la China na idadi yake ni sawa na ya RX 570. Jamaa anasema "ni ile ile kaka, tofauti ndogo tu". Sawa, ni ndogo, basi na bei iwe ya 570! Hakutaka, nikaondoka. We ukienda kununua kadi ya mtumba usikubali ile ya kuonyeshwa boksi na feni zinazunguka, waambie waweke GPU-Z uisome mwenyewe, ni programu ya bure na inaingia kwenye flashi.

Na hata ingekuwa 580 ya kweli, inakula wati 185. RX 6600 ni 132, kebo moja ya pini 8, na AMD wanasema pawa saplai ya wati 450 inatosha. GTX 960 yangu ilikuwa 120 kwahiyo pawa saplai yangu ya wati 500 sikuigusa kabisa na LUKU wala haijashtuka. Gb ni 8, na kwenye skrini yangu ya 1080p hakuna gemu niliyocheza ikalalamika memori. Hizi kadi nyingi zilizopo sokoni zilikuwa za wachimba Ethereum (ile sarafu ya mtandaoni), walipoacha kuzihitaji Septemba 2022 zikamwagika mtaani, sio lazima iwe mbovu ila kagua feni kama zina mlio, na angalia pembeni ya kadi kama kuna mafuta mafuta yanavuja kutoka kwenye zile pedi za ndani. Yangu ilikuwa kavu, ila bati la nyuma limeanza kutu kidogo, mambo ya hewa ya Dar hayo.

Kitu ambacho madukani huwa hawakuambii: RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe (ile sloti ya mazabodi inayopitisha data kati ya kadi na prosesa), sio 16. Kwenye mazabodi za B85, H87 au Z97 unapata PCIe 3.0 na hasara yake huwezi kuiona kwa macho, GPU-Z inaandika x8 3.0 maisha yanaendelea. Ila mwenye mazabodi ya H81 (na ziko nyingi sana kwenye hizi mashine za kuungaunga) hiyo chipu inaishia PCIe 2.0, sasa njia 8 za 2.0 ni nyembamba mno, wewe tafuta GTX 1660 Super, ina gb 6 lakini inatumia njia zote 16. Na zile kadi za Intel Arc achana nazo kwenye mashine za umri huu, bila Resizable BAR (inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) zinadorora vibaya.

Haya, nimefunga kadi, nimewasha Forza Horizon 5, dakika za mwanzo raha tupu, af baadae fremu zinaanza kudondoka, gari linaenda linasita linaenda linasita. Kuangalia joto, kadi iko 70 hivi imetulia zake, prosesa iko 98! Prosesa hii ikigusa 100 inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Zamani haikuwa hivyo kwa sababu GTX 960 ndo ilikuwa inachelewesha kila kitu, prosesa inakaa inasubiri, sasa kadi mpya inataka kulishwa muda wote na prosesa inafanya kazi kweli kweli, huku juu yake kuna kile kifeni cha Intel cha bure cha toka 2014 na pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni imekauka imekuwa kama unga wa ugali. Chumba changu hakina AC, na Dar ya mwezi wa pili mnaijua, 32 nje na ndani ndo usiseme.

Ndo AK400 ikaingia. Feni ya sm 12, mabomba manne ya shaba yanayogusa prosesa moja kwa moja, kimo milimita 155, pima kesi yako kwanza maana zile kesi nyembamba za ofisini haiingii hata kwa maombi. Kero yake ni kufunga, kuna kibati kinakaa nyuma ya mazabodi na kesi yangu haina tundu upande ule, ikabidi nitoe mazabodi yote, nyaya zote, nguo imelowa jasho. Ila skrubu zake zina springi, zinakaza zikifika mwisho zinasimama, sio vile vipini vinne vya plastiki vya Intel ambavyo unasukuma kimoja kingine kinaruka. Feni ielekeze ipulizie nyuma ya kesi kwenye tundu la kutolea hewa, isipulizie mbele.

Matokeo, Forza ile ile, chumba kile kile, prosesa haivuki 72 na mlio umepungua mpaka nasikia feni ya juu dalini. Fremu nimezifunga 60 kwa sekunde kwenye programu ya AMD kwa sababu skrini yangu ni ya Hz 60 tu, na hapo kadi yenyewe ikashuka joto tena. Kwahiyo mwenye hela ya kimoja tu mwezi huu anunue feni na pesti, kadi ije baadae.

Msitegemee miujiza lakini. Kwenye gemu zenye watu wengi mtandaoni i7 ya 2014 bado inabana, kadi inafika nusu ya uwezo wake inatulia, na Windows 11 rasmi haiitaki hii prosesa.

Duka nililochukulia kadi waliniachia niipige gemu palepale karibu nusu saa, hiyo nawapa tano. Waranti wanasema wiki mbili kwa mdomo, nikawaambia andikeni kwenye risiti, wakaandika wakicheka.