Mlango wa garaji ulitoka kwenye reli mara mbili: fundi wa pili ndiye aliyeupatia dawa

Mlango wetu wa garaji ni wa vipande vinne, wa kupanda juu, na ulitoka Afrika Kusini ukapitia mpaka wa Kasumbalesa. Hapa mtaani kwetu Bel-Air, Lubumbashi, wengi wana geti la chuma la kawaida, ambalo kila mchomeleaji analijua. Huu wetu mafundi wengi hawaujui, na taabu yangu ilianzia hapo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba mdogo wangu alibonyeza kitufe, tukasikia mlio wa chuma. Upande wa kushoto ulipanda, wa kulia ukabaki chini, mlango ukaning'inia mshazari. Gari lilikuwa ndani, na mama alikuwa na miadi hospitalini. Tulienda kwa teksi.

Fundi wa kwanza, kijana, alikuja na nyundo. Alipanua reli, akasukumia gurudumu ndani kwa nguvu, akagonga, akabonyeza kitufe. Mlango ulipanda, nikampa dola 15. Siku ya tatu ukatoka tena, na safari hii reli ikapinda. Usiku ule uwazi uliobaki ulitosha mtu kupita. Kaka yangu alikesha kwenye kiti, na hilo liliniuma kuliko pesa.

Wa pili ni papa mmoja mtu mzima niliyeelekezwa na jirani. Aliahidi saa mbili, akafika saa tano kasoro. Sikupenda, na nilimwambia. Ila alipoanza kazi nilinyamaza. Alizima umeme, akavuta kamba nyekundu inayoachanisha mota na mlango. Akabana koleo kwenye reli chini ya gurudumu, kila upande, akaegemeza na gogo ili mlango usiporomoke. Ndipo akawasha tochi, akaangalia kimya muda mrefu.

"Mama, kuya uone," aliniita.

Plastiki ya gurudumu ilikuwa imelika upande mmoja, imebaki nyembamba kama ukucha. Kishikio cha reli nacho kilikuwa kinacheza: bolti zake mbili zililegea kwenye tofali, na alipozigusa vumbi jekundu lilimwagika tunduni. Reli ilikuwa imeachana na mlango, gurudumu likapata pa kuchomokea. Juu, waya wa chuma unaoinua mlango ulikuwa umeruka kwenye kigoma chake, yaani gurudumu unalojizungushia. Yule kijana hakugusa hata kimoja kati ya hivyo.

Niliponyoosha mkono kuelekea resori, yaani springi ya mlango, alinizuia. "Hiyo hapana, mama. Ndiyo inabeba uzito wa mlango. Ikiachia, inavunja mkono."

Alibadilisha magurudumu yote, akanyoosha reli, akatoboa matundu mapya ukutani na kuisimamisha kwa pimamaji. Grisi ndani ya reli alikataa, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi linaganda humo. Aliifuta kwa kitambaa, akatia mafuta mepesi kwenye bawaba na rulmani (beringi) tu.

Nililipa dola 70 pamoja na magurudumu. Ni nyingi, lakini ningemlipa tena. Kabla ya kuunganisha mota aliinua mlango kwa mkono mpaka usawa wa kiuno, akauachia. Ulitulia palepale. Alisema siku ukiporomoka au kupanda wenyewe nimwite, resori itakuwa imechoka.

Huu ni mwezi wa pili tangu autengeneze. Umeme ukikatika, mama anavuta ile kamba nyekundu na kuinua mlango mwenyewe, kwa mkono mmoja.