Nilimkabidhi wateja wangu mtu tusiye na undugu: miezi tisa ya kuwa na msaidizi

Kazi yangu ni batiki. Napaka nta, nachovya rangi, nachemsha, naanika, nauza. Nafanyia uani kwangu Tabata. Nina binti anayekuja Jumanne na Ijumaa kusaidia kuchemsha, na fundi cherehani wa nje ninayempelekea mashati na magauni. Yaliyobaki yote nilikuwa nayafanya mwenyewe kwa miaka minne: kupiga picha, kujibu wateja, kupokea hela, kufunga mizigo na kuikimbiza Shekilango ipakiwe kwenye mabasi ya mikoani.

Anayeijua batiki anajua kwamba rangi haisubiri mtu. Ukishaichanganya na kostiki na haidrosi, zile dawa za kuiyeyusha, kwenye maji ya moto, nguvu yake inaanza kupungua pale pale. Kitambaa kikitoka kwenye beseni huwa na rangi nyingine kabisa, kisha kikipigwa na hewa kinageuka huku unakitazama. Dakika hizo ndizo simu yangu ilikuwa inazipenda. Siku moja nilivua glavu nikaenda kumjibu mteja aliyeuliza "bei gani dada", tukaanza kuvutana kuhusu nauli ya bodaboda kwenda Kigamboni. Niliporudi kwenye beseni, yadi kumi na mbili zilikuwa na mabaka kama ukuta wenye fangasi. Na yule mteja hakununua.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mtu. Nikaanza vibaya.

Wa kwanza alikuwa kijana wa ndugu yangu wa karibu, hana kazi, mchangamfu, anajua simu kuliko mimi. Sikumwandikia kitu, kwani nani anaandikishiana mkataba na mtoto wake? Kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilipa bodaboda na kununua mifuko, nikaruhusu wateja watume malipo ya awali kwenye laini yake. Wiki saba baadaye nilikaa naye kupiga hesabu, ikapungua 340,000. Hata leo siwezi kusema aliiba. Hela iliingia humo humo, nauli ikatoka humo humo, kifurushi cha intaneti humo humo, chipsi mayai humo humo. Hakuna kati yetu aliyeweza kuonyesha ipi ilikuwa yangu. Nilipomwambia apumzike, simu zikaanza. Mama mkubwa akanipigia saa tatu usiku: "Mwanangu, huyo ni damu yako, msamehe." Nikamsamehe. Lakini kile kikao cha familia kilinichosha kuliko jora zima la batiki, na nilijua fika kwamba kama angekuwa mtu baki yangekwisha kwa dakika kumi.

Huyu wa sasa nilimpata bila kumtafuta. Alikuwa mteja. Alinunua yadi tano za rangi ya udongo, akanilalamikia kwamba nimechukua siku tatu kumjibu, halafu jioni alipopokea mzigo akaandika: "Dada, nimepima hapa, ni yadi sita. Hii moja nikurudishie kupitia nani?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Kwanza, nilikuwa nimejipunja na nisingejua kamwe. Pili, kuna mtu huko nje aliyechukua futi ya fundi akapima kitambaa alichokwisha kukilipia, na alipokuta kimezidi akasema. Nikamwambia abaki nayo. Wiki mbili baadaye nikamuuliza kama anafanya kazi wapi. Alikuwa amemaliza chuo, anasaidia dukani kwa dada yake asubuhi, mchana yuko huru.

Watu walinishauri nimjaribu: niache elfu kumi mezani nione, nimtume dukani na hela iliyozidi. Sikufanya hivyo na sitakaa nifanye. Ukimtegea mtu mzima hela, akija kujua, na huwa wanajua, umemweleza kwamba kwako yeye ni mwizi ambaye hajakamatwa bado. Nilichofanya ni yale ya kawaida: nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakoishi, wadhamini wawili ambao niliwatembelea kweli badala ya kuwapigia tu, na mkataba wa kurasa mbili wenye kazi, saa, mshahara na namna ya kuachana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo kwa maandishi, hata kama ofisi yenyewe ni uani kwenye masufuria. Tuliongeza kipengele kimoja kuhusu namba za wateja: ni za biashara, akiondoka haondoki nazo.

Lakini makaratasi hayo hayakunipa usingizi. Usingizi ulitokana na jinsi tulivyopanga simu na hela, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ndipo wengi tunapoumia.

Laini ya biashara imebaki kwenye simu yangu. Yeye ameunganishwa kwenye WhatsApp ya biashara kama kifaa cha pili, anaona na kujibu kila kitu, ila siku yoyote naweza kumtoa kwa kubonyeza mara mbili, bila kugombania laini wala kubadili namba. Malipo yote yanaingia kwa lipa namba, na neno la siri ninalo mimi peke yangu. Kila Jumatatu namtumia 40,000 ya matumizi madogo kwenye laini yake, nauli na mifuko, anaandika kwenye daftari la kaunta lenye mistari myekundu, Jumamosi tunafunga. Ikibaki 3,500, Jumatatu inayofuata natuma 36,500. Hela yake na hela yangu hazijawahi kulala chumba kimoja.

Mpangilio huo ulimlinda yeye kuliko mimi, na ni yeye aliyeniambia hivyo. Alisema dukani kwa dada yake kila hela ikipotea wanaanza kuangaliana usoni.

Sasa, alifanya nini? Cha kwanza kilikuwa kidogo mno hadi naona aibu kukiandika: aliweka bei. Mimi nilikuwa naposti picha na kuandika "njoo inboksi", kama wenzangu wote, nikiamini mtu akishaingia inboksi nitambembeleza. Yeye aliandika yadi ngapi, bei gani, nauli ya Dar na ya mikoani, na mzigo unachukua siku ngapi. Maswali yakapungua karibu nusu, na waliobaki kuuliza walikuwa wanunuzi. Akatengeneza katalogi, akaweka majibu ya haraka ya yale maswali tunayoulizwa kila siku ya Mungu: inachuja? inafuliwaje? mnaleta Mwanza?

Cha pili alinikalisha mkekani na kikokotoo. Alitaka kujua yadi tano zinanigharimu kiasi gani. Nikamtajia kitambaa na rangi. Akauliza nta. Nikataja. Gesi? Sabuni? Yule binti wa Jumanne na Ijumaa? Maji, maana kuna wiki tunanunua kwa madumu? Kila alipouliza nilikuwa najibu "hicho ni kidogo tu", naye anaandika. Vile vidogo vidogo vikafika 9,200. Nilikuwa nauza yadi tano kwa 35,000 na kujisifu kwamba nusu ni faida. Tukapandisha hadi 42,000. Wateja wawili wa zamani walinuna, mmoja akarudi.

Cha tatu kilikuwa tukio la siku moja. Mteja mpya aliagiza mashati ya 185,000, akatuma picha ya ujumbe wa muamala, na bodaboda wake akawa ameshafika getini anapiga honi. Mimi ningeutoa mzigo, kwa aibu ya kumweka mtu juani. Msaidizi akanipigia: "Dada, usitoe kwanza. Ujumbe umeandikwa saa 10:42 jioni, na picha imetufikia saa 10:15." Nikaangalia simu yangu, hela hakuna. Tukamwandikia mteja kwa adabu kwamba tunasubiri muamala uonekane upande wetu. Namba ikazimwa, na yule bodaboda maskini, aliyekuwa ameitwa tu kama abiria wengine wanavyomwita, akaondoka bila nauli. Nilimpa maji ya kunywa.

Nisije nikaonekana namuuza. Alikosea pia, na kosa lilikuwa kubwa.

Mkataba wa mwanzo ulikuwa 180,000 kwa mwezi pamoja na 1,000 kwa kila oda iliyokamilika. Niliona ni wazo zuri, atajituma. Akajituma. Mwezi Aprili, masika yenyewe, akapokea oda ya sare za kamati ya harusi, vipande arobaini, akaahidi siku kumi na moja. Hakuniuliza. Aliniambia akiwa na furaha kama aliyeshinda bahati nasibu, na malipo ya awali yameshaingia. Dar ya Aprili, nguo haikauki hata ukiipepea. Nilianika varandani, nilianika sebuleni, nilifunga kamba toka dirishani hadi kwenye friji. Na kwa kuwa sikuweza kuchovya vipande vyote kwa mkupuo mmoja, vilitoka kwa mafungu matatu, na fungu la tatu likawa zambarau iliyokolea kuliko mengine. Anayechovya anajua: hata upime vijiko vile vile, fungu na fungu havitoki mapacha. Tuliwapunguzia 6,000 kwa kila kipande cha fungu lile, na kwenye picha za harusi, ambazo nilitumiwa bila kuomba, upande wa kulia wa ukumbi unaonekana kama wamealikwa kwenye sherehe nyingine.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaona kwamba ile 1,000 niliiweka mimi. Nilikuwa ninamlipa ili aseme ndiyo, halafu nashangaa kwa nini hasemi hapana. Tukaifuta. Sasa analipwa 250,000 kamili, oda ziwe tano au hamsini, na ana ruhusa ya kukataa kazi. Tarehe ya oda yoyote inayozidi vipande kumi haitajwi kabla sijaangalia ratiba ya uani, na kati ya Machi na Mei tunaongeza siku tano juu ya kila ahadi.

Kasoro nyingine ni ndogo. Anaandika kwa urasmi mno, "mpendwa mteja" kila mahali, na wateja wangu wengine ni kina mama wa makamo wanaopenda kuulizwa hali ya wajukuu kabla ya biashara. Hao nimebaki nao mimi, kwa sauti na si kwa maandishi. Picha zake pia za kwanza zilikuwa zimeongezwa mng'ao mpaka kitambaa cha rangi ya maziwa kikaonekana cheupe pe. Mteja wa Dodoma alirudisha kitambaa akisema si kile. Siku hizi anapiga kivulini, saa mbili asubuhi, bila kuongeza chochote.

Hesabu ya ukweli: miezi miwili ya mwanzo sikubaki na kitu cha maana. Mshahara wake ulikula karibu faida yote, na usiku nilikuwa narudi kwenye simu kusoma kila alichojibu, kwa hiyo sikupumzika wala sikuzalisha zaidi. Nilikuwa nimeajiri mtu kisha nafanya kazi yake kwa siri. Mwezi wa tatu wa kuwa naye nilifiwa, nikakaa msibani siku nne bila kugusa WhatsApp. Niliporudi nikakuta oda tisa zimetoka, moja imekataliwa kwa sababu ya tarehe, na hela yote iko mahali pake. Kabla ya kumwajiri nilikuwa natoa oda ishirini hivi kwa mwezi. Sasa ni thelathini na tano hadi arobaini, na hapo ndipo uani kwangu panapoishia. Zaidi ya hapo nitahitaji beseni jingine na mikono mingine.

Kama biashara yako inatoa oda tano kwa mwezi, hela ya mshahara nunua malighafi kwanza. Na kama bado hujui kitu chako kimoja kinakugharimu shilingi ngapi, msaidizi hatakuokoa, ingawa wangu alinisaidia kukijua.

Kosa langu jingine ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilichelewa kumwandikisha miezi miwili, nikijidanganya kwamba ni mambo ya makampuni. Hakuwahi kusema kitu, lakini siku nilipomwonyesha namba yake ya uanachama aliipiga picha akamtumia mama yake.

Wiki iliyopita ameomba apandishiwe hadi 350,000. Nilikaa na lile daftari. Asilimia kumi yake ya NSSF ni 35,000, inabaki 315,000, na kwa kuwa kodi ya mshahara inaanza juu ya 270,000 atakatwa asilimia nane ya 45,000, yaani 3,600. Mikononi atapata 311,400. Kwangu mimi, pamoja na 35,000 yangu ya NSSF, atanigharimu 385,000 na kidogo cha mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Ni sawa na faida ya yadi tano mara ishirini na tano hivi. Nimemwambia tuanze na mshahara wa mwezi ujao, na Jumapili hii tunakwenda wote Kariakoo kuangalia bei ya beseni.