Nimefunga spesa aina mbili kwenye Mark X: za kwanza nimezitupa

Gari yangu ni Toyota Mark X ya kwanza, GRX120. Wenye nayo mnajua jinsi matairi ya nyuma yanavyozama ndani ya madigadi. Nilitaka yatoke kidogo kwa spesa, yaani vipande vya duara vinavyowekwa kati ya rimu na gari. Nikaenda Gerezani, duka moja wakanionyesha spesa bapa za milimita 10, zimejaa matundu. Muuzaji akasema, "Bosi, hizi zinaingia gari yoyote." Nikalipa 40,000 kwa jozi, fundi akafunga ndani ya nusu saa.

Jumamosi nikatoka na familia kuelekea Chalinze. Mpaka Kibaha shwari. Tumepita Mlandizi, mshale umegusa 80, kiti kikaanza kutetemeka. Usukani umetulia kabisa ila kiti na sakafu vinatetema, na hali hiyo mara nyingi chanzo chake kiko nyuma. Nikaingia kituo cha mafuta, nikapiga jeki, nikalegeza nati moja kwa spana kisha nikaifungua kwa vidole huku nahesabu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ikabaki mkononi. Mke wangu na watoto wawili walikuwa wamesafiri juu ya tairi lililoshikwa na mizunguko minne ya nati. Tulirudi Dar baada ya kuzitoa spesa zote mbili, na bolti moja ilikuwa imeshaliwa meno.

Hesabu yake si ngumu, na natamani mtu angenipa kabla sijalipa. Bolti za Mark X ni M12 × 1.5, maana yake unene ni milimita 12 na kila mzunguko nati inasogea milimita moja na nusu. Spesa bapa ya milimita 10 inakaa kwenye bolti zilezile za gari, kwa hiyo inakula karibu mizunguko saba. Nati inatakiwa ishike urefu usiopungua unene wa bolti, kwa hapa ni mizunguko minane. Kwangu ilibaki minne.

Kasoro ya pili ilikuwa tundu la katikati. Habu ya Mark X, ile sehemu ya katikati inayochomoza na kuingia kwenye tundu la rimu, ina kipenyo cha milimita 60.1. Nilipoipima ile spesa kwa venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, tundu lilizidi milimita 73. Hiyo ndiyo maana ya "inaingia gari yoyote": haikai kwenye habu ya gari yoyote, inaning'inia tu kwenye bolti. Fundi akikaza, tairi linahama kidogo kutoka katikati, na hata ukafanye balansi mara tatu mtetemo hauondoki.

Safari ya pili nilikwenda na namba kwenye karatasi: 5 × 114.3 (bolti tano kwenye duara la milimita 114.3), tundu 60.1, bolti M12 × 1.5. Maduka mawili hawakutaka kunielewa. La tatu walinitolea spesa za alumini 6061-T6 za milimita 20, zina bolti zake zenyewe za kushika rimu, na namba zote zimechongwa ubavuni. Nililipa 180,000.

Tofauti niliiona wakati wa kufunga. Fundi alisugua kutu ya habu kwa brashi ya waya, akaisukuma spesa ikaingia kwa kubana, haichezi hata nywele. Akaikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika, Nm 103, kwa mkato wa nyota, yaani nati moja kisha ya upande wa pili. Kabla ya kurudisha rimu akalaza rula juu ya spesa kuona kama bolti za gari zimechomoza. Zikichomoza, rimu haitalala bapa, labda iwe na vishimo vya kuzipokea mgongoni. Zangu zilikuwa salama.

Baada ya kilomita 100 nilirudi. Hapa wengi wanakosea: wanakaza nati za nje, kumbe nati zinazoshika spesa ziko nyuma ya rimu, lazima tairi litoke. Kati ya nati kumi za ndani, mbili zilisogea kidogo ndipo toki renchi ikalia.

Sasa nina miezi minne nazo. Nimekwenda Morogoro na kurudi mara mbili, kiti kimetulia. Lakini milimita 20 kila upande ni nyingi: nikipakia watu watano na mizigo, kwenye tuta tairi la nyuma kulia linakwaruza plastiki ya madigadi. Pia uzito umesogezwa nje, kwa hiyo beringi zinabeba zaidi. Kila nikipeleka gari sevisi namwomba fundi anyanyue nyuma, azungushe tairi na kusikiliza.

Mtu akikuuzia spesa bila kukuuliza gari gani, mrudishie, hata kama ameshaifunga kwenye mfuko.