Stockfish kwenye simu: +3 isiyo na ushindi

Nyota nne kwa Stockfish, programu ya chesi. Naitumia kuchambua michezo ya chesi kwenye simu ya kawaida ya Kariakoo, RAM GB 4, na kwa kuona mashambulizi haina mpinzani. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya maboma, yaani mipangilio ya kete ambayo mwenye nguvu zaidi hawezi kuipenya.

Tuseme mweupe ana malkia. Mweusi ana ngome na askari kwenye mraba wa f7. Mfalme mweusi amejibanza g7, ngome inakwenda e6 na kurudi g6, pote ikilindwa na askari yule. Mweupe hana pa kupenyea: sare. Zikibaki kete tano hivi, majedwali ya Syzygy, yenye majibu ya michezo ya kete chache yaliyokwisha kukokotolewa, yanalitambua boma hilo mara moja. Ongeza askari wawili kila upande, kete zinakuwa tisa, na majedwali hayo yanaishia saba. Boma mara nyingi bado lipo, ila programu inaweza kushikilia +3 (mweupe mbele kwa thamani ya askari watatu hivi), kwa kuwa inahesabu hatua moja moja, haijiulizi kama njia ya kuingia ipo.

Ninavyopima: naiacha icheze yenyewe pande zote mbili, hatua 20. Namba ikipanda, ushindi upo. Ikiganda palepale huku kete zikizungushwa tu, nashuku boma, maana kanuni ya hatua 50 (sare zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa) inasubiri mbele.

Wengi huuliza mbona watengenezaji wake hawalirekebishi hili. Kila badiliko hujaribiwa kwa maelfu ya michezo, kwanza ya haraka, kisha ya muda mrefu zaidi. Msimbo wa kutambua maboma unapunguza kasi katika kila nafasi, wakati maboma yenyewe hutokea kwa nadra. Unaokoa nusu pointi huku, unapoteza zaidi kule, na badiliko linakataliwa. Kwa maoni yangu wana haki, ingawa sisi wachambuzi tunaumia.

Kwenye mipangilio, hashi (kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha kuhesabiwa) huja MB 16. Mimi naweka 256. Nyuzi, yaani kazi za prosesa zinazoenda sambamba, weka mbili tu. Ukizitumia zote kwenye joto la Dar, simu inachemka, prosesa inajipunguza kasi na uchambuzi unazorota. Washa mistari mitatu, ikuonyeshe hatua tatu bora kwa pamoja, uone kama hatua ya pili inatoa namba ileile. Hiyo nayo ni dalili ya boma. Majedwali ya kete tano ni karibu GB 1, yapakue kwa Wi-Fi, usiunguze bando. Ya kete sita yanafika GB 150, kwa simu hayo sahau.