Oveni ya laki nane na nusu, na barua ambayo bado sijaiandika

Niseme mapema kwamba inaoka. Nimeshaona majumbani oveni za kuchomelewa ambazo siku hizi ni kabati la sufuria, kwa hiyo hilo nalianza nalo. Yangu ni ya gesi, ya trei mbili, imetengenezwa na fundi mmoja wa pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 850,000. Ya Kichina ya ukubwa huo huo niliikuta dukani Kariakoo, muuzaji akianzia milioni moja na laki saba na hataki mazungumzo. Ninayo mwezi wa tano sasa, na siku 24 kati ya hizo niliitumia kama mtu ambaye hana kazi nyingine.

Hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Mimi ni mhasibu, mwaka wa tisa huu niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara unaingia tarehe 25, haujawahi kuruka. Bosi hafoki. Saa kumi na moja jioni nafunga TANCIS, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, nafunga kabati la mafaili, naondoka. Mama yangu akisikia nataka kuacha kazi ananiangalia kama mtu mwenye homa. Na simlaumu, kwa sababu kama ingekuwa kazi ya kunyanyaswa ningeondoka zamani na wala nisingemuuliza mtu. Hii sina cha kuilalamikia, ila kwamba kila nikioka skonzi Jumapili na majirani wakaja na visahani vyao, Jumatatu naingia ofisini nikiwa mzito kama gunia la chumvi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 akitaka kuondoka. Nikazitazama hizo namba mbili, nikasema basi, nachukua likizo naifanya kana kwamba ndiyo notisi. Naoka kila siku isipokuwa Jumapili. Likizo ikiisha, daftari litasema.

Turudi kwa fundi. Aliahidi siku kumi. Nilipokea oveni siku ya 31. Kila nikipiga simu: "Dada'ngu, kesho unaichukua." Kesho ikawa na wajukuu. Siku moja nikatoka ofisini mchana nikamfuata, nikamkuta anachomelea geti la mtu mwingine, na oveni yangu imesimama pembeni bila mlango, ndani yake mna miwani ya kuchomelea na nusu chapati. Hakuona haya. Akaniambia, "Mama, kitu kizuri hakitaki papara." Nilikuwa nimeshamlipa pesa yote. Hilo ni kosa langu, na mhasibu kufanya kosa hilo ni aibu.

Ilipofika nyumbani Segerea nikawasha, nikapaki trei ya kwanza ya skonzi 40, dakika 18. Safu ya nyuma upande wa kushoto zilitoka nyeusi kama magurudumu, za mlangoni zikawa nyeupe, ukizibonyeza kidole kinabaki na alama. Kipima joto cha mlangoni kinasoma 180. Nikanunua kile kidogo cha kuning'iniza ndani, kikasoma 225. Maana yake kile cha fundi ni pambo.

Jambo nililofanya baadaye nakushauri ulifanye siku ya kwanza, kabla hujaharibu unga. Nunua mkate wa kawaida wa slesi, zipange slesi zijae trei nzima, ingiza dakika tano, toa. Utaona ramani ya moto kama umechorewa. Yangu ilionyesha doa jeusi lenye umbo la kiatu, kisigino kikiwa juu kabisa ya bana, yaani kichomeo cha gesi, ya nyuma. Nikapiga picha nikamtumia fundi. Alikuja mwenyewe, hilo nampa, akakata bati la milimita tatu akaliweka juu ya bana ili moto usipande moja kwa moja. Alidai 40,000 zaidi. Tukabishana pale uani mpaka mdogo wangu akaingia ndani kwa aibu. Nikalipa. Mimi mwenyewe nikaongeza tofali sita za kuchoma chini, zinashika joto, ukifungua mlango halishuki sana. Tangu hapo inahitaji kuzungushwa trei mara moja tu, dakika ya kumi, na zinatoka rangi moja, ile ya kahawia inayong'aa ukipaka maziwa.

Mlango bado ni tatizo. Springi yake ni nyepesi, wiki ya pili ulianza kuachia. Nimeufunga kwa waya na kitambaa, na mgeni akiuona nasema ndiyo mtindo. Kioo hauna, kwa hiyo unaoka kwa harufu na saa.

Sasa ratiba. Naamka saa tisa na nusu usiku. Kilo 14 za unga zinakandwa kwa mikono, sina mashine, na hapa ndipo nilipogundua kwamba oveni si kizuizi cha kwanza. Kizuizi ni mabega. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa anakanda nami. Donge linaumuka, tunakata, tunapima gramu 60 kila moja (yeye aliona napoteza muda na mzani, mpaka siku aliyokata kwa macho tukapata skonzi 371 badala ya 400). Oveni inabeba 80 kwa mkupuo. Mikupuo mitano. Saa moja kasoro ndoo zimejaa, bodaboda yuko getini.

Nauza kwa Mangi wa mtaani na maduka mengine manne, na kantini ya shule moja, shilingi 200 kila moja. Wao wanauza 250. Skonzi 400 ni 80,000 kwa siku. Unga, sukari, siagi, hamira, mifuko, bodaboda na gesi vinakula karibu 54,000. Mtungi wa kilo 15 unanifikisha siku ya nane, kwa hiyo kwa gesi oveni hii si mlafi, nimeridhika nayo kuliko nilivyotegemea. Inabaki 26,000 kwa siku. Kwa siku 24 ni 624,000. Toa 76,000 za zilizoungua na zilizorudishwa. Toa 120,000 nilizompa mdogo wangu, elfu tano kwa siku, ambayo ni hela ya udugu, mtu baki asingekubali. Zikabaki 428,000.

Mshahara wangu mkononi ni 1,450,000.

Niliandika namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, nikaweka kalamu, nikaenda kuosha trei. Zilitakata sana siku hiyo.

Na hapo sijahesabu visivyoonekana kwenye mshahara wa mkononi. Mwajiri anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili yangu kila mwezi; nikiondoka najichangia mwenyewe. Kuna kadi ya bima, watoto wawili wanaitumia, na mdogo kati yao ana kifua. Watu wengi pale kazini wanadhani ukiacha kazi NSSF itakulipa fao la kukosa ajira. Haikulipi kama umejiuzulu mwenyewe, fao hilo ni la aliyeachishwa. Kiinua mgongo cha kisheria nacho, zile siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kinamhusu mwajiri akikuondoa, si wewe ukiaga kwa tabasamu. Nafuu yangu moja ni kwamba mkopo wa bodi, ule wa masomo ya chuo, nimemaliza, ile asilimia 15 ya mshahara haipo tena shingoni.

Lakini daftari lina upande wa pili, na nisiposema nitakuwa nimeidhulumu oveni. Katika siku zile 24 sikuangalia saa hata mara moja kwa kutaka siku iishe. Niliumwa mgongo, nikaungua kiganja, niligombana na Mangi kuhusu skonzi 12 alizodai zililala wakati kila mtu anajua aliziweka jirani na mafuta ya taa. Nililala saa mbili usiku kama kuku. Na kila asubuhi mkupuo wa kwanza ukitoka, ule mvuke ukinipiga usoni, nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Kwenye kazi ya kodi na ushuru sijawahi kucheka peke yangu, labda siku mfumo ulipolala na tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya 29 nikarudi ofisini. Meza yangu ilikuwa na vumbi na keki ya bethidei ya mtu, ya dukani, kavu. Bosi akaniuliza, "Umepumzika?" Nikasema nimepumzika sana.

Kwa anayetaka oveni kama hii huku akiwa na wazo kama langu: kwa biashara ya Jumamosi na oda za majirani inatosha kabisa, naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama si mlango na kile kipima joto cha uongo. Kwa kuachia mshahara kama wangu, oveni moja haitoshi, hata ukiwa na mikono minne. Unahitaji mbili, mashine ya kukandia, na mtu unayemlipa mshahara wa kweli. Pia usisubiri wateja wakue ndipo ufuatilie nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kwa mjasiriamali mdogo safari inaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, na mimi nilianza kuifuatilia nikiwa bado na muda wa mchana wa kuomba ruhusa kazini.

Kwa hiyo sijaacha. Wala sijaamua kubaki, mama asije akafurahi mapema. Nilichoamua ni kwamba kazi nzuri itanunua vifaa. Tangu nimerudi, kila tarehe 25 laki nne zinakwenda kwenye akaunti ambayo sina kadi yake. Siku za kazi mdogo wangu anaoka mikupuo miwili peke yake, skonzi 160, na tumekubaliana faida nusu kwa nusu. Mangi analalamika hazimtoshi. Malalamiko hayo nayaandika pia.

Wiki iliyopita nilienda Gerezani kuagiza oveni ya pili. Ndiyo, kwa fundi yule yule. Ananijua, na sasa mimi namjua. Safari hii trei nne, bati la juu ya bana liwepo tangu mwanzo bila nyongeza, springi ya mlango wa gari kama ana yake, kioo, na kipima joto nitanunua mwenyewe. Malipo nusu, nusu nyingine nikishaoka slesi za mkate mbele yake. Alicheka, akaandika vipimo kwa chaki kwenye ukuta.

"Siku kumi, dada'ngu."

Nikatoa daftari, nikaandika: siku thelathini na tano.