Pharos ya Light Conversion kwa vipimo vya mapigo mafupi mno: tathmini

Anayetafuta leza ya mapigo mafupi mno, yaani mimweko ya mwanga ya muda mfupi sana, hana budi kuamua kwanza kama anahitaji mapigo machache yenye nishati kubwa au mapigo mengi yenye nishati ya wastani. Pharos, leza inayotengenezwa na kampuni ya Light Conversion ya Vilnius, Lithuania, inawafaa wanaotaka mengi, na kwa kazi yetu ya kupima elektroni zinazong'olewa kwenye atomu za gesi, naiona kuwa chaguo bora.

Hesabu inajieleza. Ili tujue elektroni ipi imetoka kwenye atomu ipi, tunaruhusu tukio moja tu kwa kila mapigo kumi hivi. Leza ya yakuti samawi yenye titani, ambayo mara nyingi hutoa mapigo 1,000 kwa sekunde, hutupa basi matukio 100 kwa sekunde. Matukio milioni moja huchukua karibu saa tatu, na kufikia hapo joto la chumba limeshabadilika na mwale umehama kidogo. Kwa Pharos ikitoa mapigo 100,000 kwa sekunde, kazi hiyo hiyo huisha kwa sekunde 100. Kuongeza nguvu ya kila pigo si dawa, kwa kuwa elektroni nyingi zikitoka pamoja husukumana, na vilele vyembamba kwenye grafu hutanuka mpaka vikagusana.

Kinachowezesha kasi hiyo ni uchache wa joto. Fuwele ya Pharos, yenye metali ya iterbi, hulishwa mwanga wa diodi wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 980 na kutoa wa nanomita 1,030, hivyo kinachopotea kwa tofauti hiyo ni kama asilimia 5 tu. Titani ikilishwa mwanga wa kijani wa nanomita 532 na kutoa wa 800, hupoteza theluthi moja. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba idadi ya mapigo, ambayo hufika milioni moja kwa sekunde, hupunguzwa kwenye programu bila kugusa kioo hata kimoja: doa kwenye kadi ya infraredi, inayong'aa pale mwale usioonekana unapoigusa, hufifia, lakini halisogei.

Upungufu wake ni wa kimaumbile. Pigo la toleo la kawaida hukaribia femtosekunde 290 (femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni bilioni), kwa kuwa pigo fupi huhitaji rangi nyingi za mwanga, na iterbi haikuzi rangi nyingi kwa pamoja kama titani, ambayo hufika 30 bila taabu. Anayetaka kuzalisha mapigo ya atosekunde (elfu moja ya hizo hufanya femtosekunde moja), kazi iliyowapatia Agostini, Krausz na L'Huillier Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2023, mara nyingi atalazimika kuupitisha mwanga kwenye bomba jembamba lenye gesi ili rangi ziongezeke, kisha kulibana pigo kwa vioo maalumu. Njia hiyo hufanya kazi vizuri, ila hula sehemu ya nishati na hudai nafasi mezani pamoja na fundi mwenye subira, kwa hiyo gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa wenye sampuli ngumu zinazochelewa kupoa baina ya pigo na pigo, kasi hii kubwa haina faida. Hao wabaki na titani.